Moshi, Kusi na Manyunyu: Majira ya Newala na Masasi Zama Zilizopita

Mabaharia wa mwambao, tangu zama za kale, walihesabu mwaka wao kwa Nairuzi, wakazigawa siku zake kwa miongo ya kumikumi, na kwa hesabu hiyo wakajua lini kaskazi itakoma na lini kusi itaanza kuvuma. Walakini ahali wa bara ya kusini, yaani Wamakonde wa Newala juu ya uwanda wao, na Wamakua na Wayao wa Masasi chini yake, hawakuwa na majahazi ya kungojea pepo hizo, na kalenda yao aghalabu ilikuwa moshi.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, juu ya bonde la Ruvuma, katika ardhi ya mchanga inayomeza mvua yote isibakishe kijito. Kusi itokayo baharini na unyevu wake hupanda uwanda huo, na wakati wa kipupwe huleta ukungu wa alfajiri na zile rasharasha ambazo watu wa pwani huziita mchoo. Manyunyu hayo huyalowesha majani, lakini mtungi hayaujazi. Ndiyo maana wanawake wa Newala waliteremka magenge hadi chemchemi za bondeni, wakapanda tena na maji kichwani, hata mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950. Karl Weule, mwanachuoni wa Leipzig aliyekaa Newala mwaka 1906, aliona adha ya upepo na baridi ya mahali hapo, jambo ambalo msafiri atokaye Masasi, penye joto na majabali, halitarajii hata kidogo.

Juu ya uwanda, mkulima alifyeka vichaka vilivyosongamana, akaviacha vikauke miezi ya kusi, kisha akavitia moto mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia. Hapo ndipo palipotakiwa maarifa, kwa kuwa aliyechoma mapema mno upepo ulimpeperushia majivu, na magugu yakamtangulia shambani. Ilhali aliyechelewa, manyunyu ya kwanza yalimkuta na miti iliyolowa isiyoshika moto. Kwa hiyo moshi wa jirani ulikuwa ni habari: ulionyesha nani amekwisha kuamini kwamba majira yamegeuka, na upande ulikolalia ulionyesha pia upepo unakoelekea. Chini, katika miombo ya Masasi, wawindaji nao walichoma nyasi, na bonde zima la Ruvuma, pamoja na ng'ambo yake ya Msumbiji, likafuka. Hata ikifika Septemba na Oktoba jua lilichwa likiwa jekundu, na hewa baridi ya usiku ikaukandamiza moshi mabondeni mpaka asubuhi.

Lakini si kila moshi uliokuwa wa shamba. Masasi, ambako Askofu Edward Steere, yule yule aliyeifanyia lugha yetu sarufi, aliwaweka watumwa walioachwa huru mwaka 1876, ilivamiwa na Wangoni walioitwa Magwangwara mwaka 1882, na misheni ikahamia Newala. Na mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni iliyokuwa imekwisha kurudi Masasi ikateketezwa. Mtu aliyeona wingu jeusi upande wa magharibi alikuwa na haki ya kusita kabla ya kusema kwamba ni wawindaji.

Watawala walizoea kuushutumu moto wa wenyeji kuwa ni uharibifu mtupu, na shutuma hiyo, kwa maoni yangu, haikuwa ya insafu maadamu shamba lilikuwa la kulimwa miaka michache na kuachwa. Kilichoigeuza hukumu ni mkorosho. Mti huo huishi miaka mingi, nao hutoa maua wakati huo huo wa kiangazi ambapo moto huzurura. Kwa hiyo palizi ya njia za kuzuia moto ikawa faradhi, na jirani anayechoma bila hadhari akawa hasimu. Baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, mikorosho mingi ilibaki mbali na wenyewe, ikamezwa na pori. Na kwa sababu hiyo, pamoja na ugonjwa wa ubwiriunga unaopenda unyevu wa ukungu, na bei isiyoridhisha, mavuno ya nchi yalianguka kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 mwaka 1986/87.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kwa mikoa ya kusini. Mwenye mikorosho huusikiliza kwa wasiwasi ulio kinyume cha ule wa babu yake: manyunyu ya Oktoba, ambayo zamani yalitisha kwa kuvilowesha vichaka vilivyofyekwa, sasa hutisha kwa kuzilowesha korosho zilizodondoka, nazo zikifika ghalani na unyevu hushushwa daraja kabla ya mnada kufunguliwa.