Sauti inayouza: historia ya watayarishaji wa matangazo, kutoka Nairobi hadi Ariwara

Ariwara, wilayani Aru, ni mji wa soko. Bidhaa zinaingia kutoka Arua, ng'ambo ya mpaka, na shilingi ya Uganda inapita mikononi mwa watu pamoja na faranka ya Kongo. Mahali kama hapa, mwenye kuuza sabuni, mabati au dawa anahitaji kusikika. Lakini nyuma ya kila tangazo la redio kuna mtu ambaye jina lake halitajwi: mtayarishaji, au prodyuza kama vijana wanavyomwita. Yeye ndiye anachagua maneno, lugha, muziki na sauti. Historia ya kazi hiyo Afrika ya Mashariki inawahusu Wakongo kuliko wengi wanavyodhani.

Wapiga gitaa wa Katanga mjini Nairobi

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki, alifika Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Huko alimrekodi kijana mmoja, Mwenda Jean Bosco, akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga. Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, zikasafiri mbali, hadi Kenya.

Nairobi kulikuwa na Mwingereza, Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani na matangazo. Kampuni yake iliitwa High Fidelity Productions. Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza, ila ngumu kuifanya: hakuanza na bidhaa, alianza na mtu. Alitafuta wanamuziki na wachekeshaji ambao wananchi walikuwa wanawapenda tayari, akawapa bidhaa za kutangaza. Mwaka 1959 Bosco aliitwa Nairobi, akatangaza vidonge vya Aspro. Mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, naye alikwenda Nairobi na kuimba matangazo ya Coca-Cola.

Msikilizaji wa Nairobi hakukijua kiwanda cha Aspro. Alilijua gitaa la Bosco. Imani aliyokuwa nayo kwa mwimbaji ndiyo ilivuka, ikatua juu ya kidonge. Hiyo ndiyo kazi ya mtayarishaji tangu wakati ule: kubeba imani ya watu kutoka kwa sauti wanayoijua na kuipeleka kwa kitu wasichokijua. Bidhaa ikiwa nzuri, hakuna aliyeumia. Ikiwa mbaya, sauti iliyopendwa ndiyo iliyofungua mlango.

Wimbo ulioishi kuliko duka

Katika nchi yenyewe, mfano mkubwa ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Franco Luambo na bendi yake ya OK Jazz walitoa wimbo «Azda». Azda lilikuwa jina la kampuni iliyouza magari ya Volkswagen nchini Zaire. Wimbo huo ni tangazo la biashara tangu mwanzo hadi mwisho, lakini watu waliucheza kwenye harusi na kwenye baa, hata wale ambao hawakuwa na fedha ya kununua baiskeli. Leo wazee bado wanauimba, na wengi hawajui kwamba ulikuwa unauza gari.

Wakati huo redio ilikuwa mkononi mwa serikali. Ni baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, tarehe 24 Aprili 1990, ndipo mlango ulifunguka polepole kwa redio za watu binafsi, za makanisa na za jamii. Redio ndogo hazikuwa na serikali ya kuzilipia mafuta ya jenereta. Tangazo la duka likawa ndilo linalowasha mtambo.

Ituri: tangazo na komunike

Bunia ilikuwa na historia yake. Redio Candip ilizaliwa ndani ya chuo cha ualimu, ISP Bunia, kwa ajili ya elimu ya wananchi. Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza kurusha, ikiungwa mkono na Umoja wa Mataifa na shirika la Fondation Hirondelle. Upande wa Uganda, Radio Pacis ilianza Arua mwaka 2004, na kwa kuwa Kilugbara kinasemwa pande zote mbili, mpaka hauyazuii mawimbi.

Vita vilibadilisha maana ya tangazo. Tangu mapigano yaliyoanza mwaka 1999, na tena tangu Desemba 2017 huko Djugu, familia nyingi za Ituri zimekimbia, nyingine kuelekea Mahagi, Aru, Bunia na Uganda. Mama aliyepoteza mtoto njiani hatafuti bei ya mabati. Anatafuta komunike: jina la mtoto, umri wake, nguo aliyovaa, kijiji alikotoka, na mahali anaposubiriwa. Komunike hiyo inarekodiwa katika studio ileile, na mara nyingi kwa sauti ileile iliyotangaza sabuni asubuhi.

Namna kazi inavyofanyika

Mteja anafika na maneno mengi. Mtayarishaji anamwuliza: unataka nani asikie? Kwa lugha gani? Ariwara kuna Kilingala, Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili na Kifaransa, na kila moja ina watu wake. Halafu anakata maneno mpaka yaingie katika sekunde 30 au dakika moja. Anachagua sauti, anaweka muziki, anarekodi, anamsikilizisha mteja. Mwisho wanakubaliana tangazo litapita mara ngapi na saa ngapi, na kila linapopita linaandikwa kwenye daftari, kwa maana mteja analipa kwa idadi.

Ugumu uko mahali pengine. Katika redio ndogo, anayesoma habari saa moja asubuhi ndiye anayetayarisha tangazo saa tatu. Azimio la Munich la mwaka 1971, linalotajwa na waandishi wa habari wengi duniani, linamtaka mwandishi asichanganye kazi yake na ya mtangaza biashara. Kongo nayo ina CSAC, baraza la kusimamia vyombo vya habari, lililowekewa sheria yake tarehe 10 Januari 2011. Kanuni zipo. Lakini kanuni haimtengi mtu mmoja kuwa wawili.

Kwa aliye sokoni, tangazo la uongo linaweza kumgharimu fedha ya siku. Kwa aliye kambini, linaweza kumgharimu zaidi: dawa isiyotibu, kazi ya mbali isiyokuwepo, gari linaloahidi kuwarudisha watu kijijini huku njia haina usalama. Mtu aliyepoteza nyumba amebaki na vitu vichache vya kumwongoza, na sauti ya redio ni kimojawapo.

Ndiyo maana maswali matatu yanamfaa kila msikilizaji. Nani amelipa ili maneno haya yasemwe? Je, redio imesema wazi kwamba hili ni tangazo la biashara? Na kuna mtu anayejulikana, mahali panapojulikana, wa kumwuliza? Mtayarishaji mwaminifu anayajibu hayo kabla hajaulizwa, ndani ya tangazo lenyewe.

Bosco na Masengo walikopesha sauti zao kwa kidonge na kinywaji. Mtayarishaji wa Ariwara anakopesha kitu kizito zaidi, kwa sababu jioni sauti hiyohiyo itasoma jina la mtoto anayetafutwa, na mama yake lazima aweze kuiamini.