Whānau kwa Kiswahili: Neno la Nasaba katika Utafiti wa Elimu

Mfasiri anayekabidhiwa maandishi ya elimu kutoka New Zealand hakawii kukutana na neno whānau, na aghalabu hulipita kwa kuandika «familia». Tafsiri hiyo haitoshi. Kwa Wamaori, whānau ni babu na bibi, wana, wajukuu na ndugu wa pembeni; tena neno hilohilo ni kitenzi cha kuzaliwa. Kundi lililo juu yake, hapū, maana yake pia ni ujauzito; na iwi, yaani kabila, ni mifupa. Sisi tusemao «ndugu wa tumbo moja» hatuna sababu ya kushangaa.

Neno hili liliingia katika utafiti kwa njia ya kihistoria. Kwa miaka mingi wageni waliwachunguza watoto wa Kimaori, wakaeleza kwa nini wanashindwa masomo, kisha wakaenda zao na madaftari yao. Mwaka 1982 ilifunguliwa kōhanga reo ya kwanza, maana yake «kiota cha lugha», ambamo whānau wenyewe ndio waendeshaji. Swali likageuka: nani amemwita mtafiti? Russell Bishop, katika kitabu chake cha 1996, aliifanya whakawhanaungatanga kuwa njia ya utafiti: mtafiti huingia kwanza katika undugu, pamoja na wajibu wake, ndipo aulize. Nani ameanzisha kazi, nani anufaika, nani amsemea nani, na mtafiti awajibika kwa nani? Mradi wa Te Kotahitanga, ulioanza mwaka 2001, uliwasikiliza wanafunzi kwanza. Wao walitaja zaidi uhusiano wao na walimu. Walimu wengi walitaja upungufu wa watoto na wa nyumba zao.

Basi tuandikeje? «Jamaa» lingefaa, ila limebeba siasa tangu kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha 1962 juu ya Ujamaa, na mitaani jamaa ni mtu yeyote. «Ukoo» ni mpana mno, tuuwekee hapū. Kwa whānau ya nasaba napendekeza «mlango». Lakini kundi la watafiti lijiitalo whānau pasipo damu moja haliwi mlango. Hapo neno la Kimaori libaki, lielezwe.

Whakawhanaungatanga nayo isiwe «kujenga mahusiano», kama waraka za ofisi zipendavyo. Kiambishi whaka- ni cha kusababisha, kama -isha yetu. «Kuunga undugu» kuna uzito huo, kwani aliyeunga undugu hudaiwa. Mwalimu akilikuta neno hilo katika barua ya mtafiti, ana haki ya kumwuliza atarudi lini.