Bolti Ilifaulu Mtihani, Dari Ikaanguka

Wadau, leo naomba tuongelee kitu ambacho huwa hakuna anayekiongelea mpaka kiue mtu: bolti.

Sina maana ya bolti za gurudumu. Naongelea zile zinazozamishwa kwenye zege ili zishike kitu kizito. Mashine ya kusaga sakafuni, kiyoyozi ukutani, bango la biashara juu ya ghorofa, dari ya handaki la magari. Tangu enzi na enzi fundi anayefunga vitu hivi huulizwa swali moja: je, kitashika? Kisa cha leo ni cha watu waliouliza swali hilo, wakapima, wakapata jibu la ndiyo, na bado mtu akafa. Walisahau kipande kidogo cha swali: kitashika kwa muda gani?

Tuanze mbali kidogo. Wagiriki waliojenga Parthenon pale Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, waliunganisha mawe ya marumaru kwa vibanio vya chuma. Wakishaviweka, walimwaga madini ya risasi yaliyoyeyushwa kuvizunguka. Risasi ilijaza nafasi na kukinga chuma kisipate kutu. Kumbe wazee wale walishajua kwamba chuma na jiwe peke yake havitoshi, lazima pawe na kitu cha katikati kinachovishikanisha. Kwa kiasi kikubwa historia ya fani hii ni historia ya hicho kitu cha katikati.

Mwanzoni mwa karne ya 20, fundi akitaka kufunga kitu ukutani alikuwa anachimba tundu kubwa, anapigilia kipande cha mti, ndipo anaingiza skrubu. Ukuta unabaki na makovu. Mkandarasi wa London, John Joseph Rawlings, alipata kazi ya kufunga vifaa vya umeme kwenye jengo la makumbusho ya British Museum bila kuharibu kuta zake. Akabuni kijibomba cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi. Skrubu ikiingia, kijibomba kinatanuka na kuubana ukuta kwa ndani. Hataza aliiomba mwaka 1911. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akaja na cha nailoni, baba wa vile vidude vya plastiki ambavyo fundi wako huvigonga ukutani kabla ya kutundika televisheni.

Kwa mizigo mizito kweli kweli, njia zinazotumika sana ni nne. Ya kwanza ni kuweka bolti kabla zege halijamwagwa, mara nyingi ikiwa na kichwa au imepindwa chini kama herufi J. Hii ndiyo inayopendwa kwa mashine kubwa, ila ukikosea kipimo, mashine ikifika matundu hayakutani na bolti. Ya pili ni kutoboa zege lililokwisha kukauka na kuingiza bolti inayotanuka kwa ndani. Hiyo inashika kwa kusukuma pembeni, kwa hiyo ukiiweka karibu na ukingo inaweza kupasua zege, na mtikisiko wa mashine unaweza kuilegeza. Ya tatu, tundu linapanuliwa chini ili bolti ijifungie humo kama ndoano. Ya nne ni gundi: unatoboa, unasafisha vumbi, unajaza gundi ya kemikali, unatumbukiza rodi yenye uzi wa nati, unaacha ikauke.

Njia ya gundi ni rahisi, ni ya haraka, na haipasui zege. Ndiyo iliyotumika Boston.

Jiji hilo la Marekani lilikuwa linakamilisha mradi uliopewa jina la utani Big Dig, yaani chimbo kubwa. Barabara kuu ilishushwa chini ya ardhi, yakachimbwa mahandaki mapya, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 14. Kwenye handaki moja la kuelekea uwanja wa ndege, dari ilikuwa ya mabamba ya zege yaliyoning'inizwa juu ya magari ili kuacha njia ya hewa. Mabamba yalishikiliwa na rodi za chuma kisichoshika kutu, zilizobandikwa kwa gundi kwenye matundu ya kina cha inchi 5 tu. Handaki lilifunguliwa mwaka 2003.

Jumatatu ya tarehe 10 Julai 2006, kama saa tano usiku, mume na mke walikuwa wanapita humo wakielekea uwanja wa ndege. Dari ikaachia. Mabamba na vyuma vyake, tani zipatazo 24, yakaangukia gari lao. Mke akafa pale pale. Mume akatoka akiwa na majeraha madogo.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza kwa mwaka mzima. Rodi hazikukatika. Zege la juu halikumeguka. Zilichomoka zenyewe, polepole, kama msumari unaotoka kwenye mti mbovu.

Sababu ni hii. Kampuni iliyosambaza gundi ilikuwa na aina mbili: moja ya kawaida na nyingine inayokauka haraka. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba iliyotumika pale ni ile ya haraka. Na hiyo ya haraka ilikuwa inafaa kwa mzigo wa muda mfupi tu. Ukiivuta kwa dakika chache inashika kama kawaida. Ukiining'inizia mzigo miezi na miaka, inanyumbuka.

Fikiria bigijii. Ukiivuta ghafla inakataa kwanza. Itundikie kitu kidogo, ondoka, rudi baadaye: imerefuka. Haikushindwa na uzito. Imeshindwa na muda.

Sasa kinachouma ni hiki. Rodi zile zilipimwa. Mafundi walizivuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito uliokusudiwa, zikashika, wakaweka tiki. Mwaka 1999, ujenzi ukiendelea, ikaonekana baadhi zimeanza kushuka ingawa zilifaulu kipimo. Wakaziondoa, wakaweka nyingine, wakazipima kwa nguvu zaidi. Zikafaulu tena. Mwishoni mwa mwaka 2001 zikaonekana tena nyingine zimeshuka. Jibu la kwa nini kitu kinachofaulu mtihani kinafeli kazini halikupatikana. Na handaki lilipofunguliwa, mamlaka yenye barabara haikuwa na utaratibu wa kukagua dari ile kwa wakati. Miaka mitatu rodi zilikuwa zinashuka kidogo kidogo, mtu mwenye ngazi na tochi angeweza kuziona.

Mwaka 2007 kampuni ya gundi ilishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwaka uliofuata ilikubali kulipa dola milioni 16 na kesi ikafutwa. Bodi nayo ilitaka gundi zisitumike kabisa kwenye barabara kuning'iniza mzigo wa kudumu juu ya vichwa vya watu, mpaka viwango vya kupima muda vitungwe. Baadaye viwango hivyo viliingizwa kwenye kanuni za ujenzi wa zege za Marekani.

Utasema basi, dunia imejifunza. Hapana. Jumapili ya tarehe 2 Desemba 2012, kama saa mbili asubuhi, dari ya handaki la Sasago nchini Japani ilianguka kwa urefu wa zaidi ya mita 130. Watu tisa wakafa. Handaki hilo lilifunguliwa mwaka 1977, na bolti za dari yake zilishikwa na gundi. Njia ya kuzikagua ilijulikana: unagonga kwa nyundo, unasikiliza. Lakini bolti za juu zilikuwa mbali, na tangu mwaka 2000 hazikuwa zimegongwa. Wakaguzi waliangalia kwa macho kutoka chini. Japani hii hii tunayoisifia kwa umakini! Kuanzia mwaka 2014 nchi hiyo ikalazimisha madaraja na mahandaki yakaguliwe kwa karibu kila baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo, unachaguaje bolti? Wataalamu watakupa orodha: zege lina nguvu gani, tundu liwe na kina gani, umbali kutoka ukingoni, mzigo unavuta au unasukuma pembeni, kuna joto, kuna mtikisiko, tundu limesafishwa. Yote ni kweli. Zege likikandamizwa ni jabali, likivutwa ni dhaifu, kwa hiyo mzigo unaoning'inia daima uogopwe kuliko unaokaa sakafuni. Lakini mimi naongeza mawili ambayo Boston na Sasago waliyalipia kwa damu. La kwanza, kitabu cha kiwandani kinasema bolti hii inashika kilo hizi kwa muda gani? La pili, nani atapanda kuigonga baada ya miaka mitano, na jina lake limeandikwa wapi?

Tunapenda sana siku ya uzinduzi. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, na sisi waandishi tunarudi chumba cha habari na stori. Siku ya ukaguzi haina utepe wala mgeni rasmi.

Leo ukitoka, angalia juu. Lile bango pale kituoni, lile tenki juu ya ghorofa unaloishi, kile kiyoyozi kinachoning'inia juu ya njia ya kina mama wanaouza matunda. Siku vilipofungwa, vilishika. Mwulize mwenye nyumba vilikaguliwa lini mara ya mwisho.

Nawasilisha.