Msimamo wa ligi: matumizi yake katika hoki ya barafu ya vyuo vikuu

msimamo nm mi- [u-/i-] 1 namna ya kusimama. Hali ya kuwa wima. 2 fikra au uamuzi ambao mtu au kundi hushikilia na kuutetea: *Chama kimetangaza msimamo wake.* 3 (michezo) mpangilio wa timu za ligi kwa kufuata pointi zilizokusanywa: *Tumeshuka hadi nafasi ya tano katika msimamo.*

Nomino hii imetokana na kitenzi *simama* kwa njia ile ile iliyotupatia *mchezo* kutoka *cheza* na *msemo* kutoka *sema*. Katika habari za michezo, Watanzania hupendelea *msimamo* na *pointi*, ilhali Wakenya husema zaidi *jedwali* na *alama*. Matumizi yote mawili ni sahihi. Hata hivyo, kwa anayetaka kupambanua, jedwali ni ile mistari na safu zinazochorwa, na msimamo ni yale yanayosomwa humo.

Makala haya yalianza na zoezi la tafsiri. Niliwapa wanafunzi wangu matini fupi ya Kiingereza ambamo mashabiki wa timu ya hoki ya barafu ya chuo kimoja cha Marekani wanajadili hali ya timu yao majuma mawili kabla ya msimu kwisha. Mmoja wao aliandika "misimamo ya mkutano". Nilipoisoma sentensi hiyo bila kutazama matini asilia, nilidhani wajumbe wamekutana mahali na kutoa maazimio. Kosa halikuwa la uvivu. Neno la Kiingereza linalotaja mkutano wa wataalamu ndilo hilo hilo linalotaja umoja wa vyuo vinavyoshindana katika ligi moja, na kamusi nyingi za lugha mbili huorodhesha maana ya kwanza pekee.

Hoki ya wanaume ya daraja la juu la vyuo vya Marekani ina miungano sita ya namna hiyo. Mmojawapo ni Hockey East, ulioanza mashindano yake mwaka 1984 na wenye vyuo 11 vya eneo la New England, vikiwamo Boston College, Maine na Vermont. Tuuiteje muungano huo kwa Kiswahili? *Mkutano* na *kongamano* hayafai kabisa. *Kanda* linavutia, lakini linadokeza kwamba jiografia ndiyo inayoamua uanachama, jambo ambalo si kweli kwa miungano yote sita. *Shirikisho* limekwisha kukaliwa na vyombo vinavyosimamia mchezo kwa taifa zima. Anayetohoa na kuandika *konferensi* hafanyi kosa, ila atalazimika kulifafanua kila mara. Mimi huandika *ligi*, kwa kuwa hicho ndicho msomaji anachokiona: timu zinakutana, zinakusanya pointi, zinapangwa.

Ugumu halisi umo katika msamiati wa matokeo. Msamiati wetu wa soka umejengwa juu ya mambo matatu: kushinda, kutoka sare na kufungwa, kwa pointi 3, 1 na 0. Katika Hockey East, timu inayoshinda ndani ya dakika 60 hupata pointi 3. Zikiwa zimefungana, huongezwa dakika 5 ambapo kila upande hubaki na wachezaji watatu mbali na kipa, na bao la kwanza humaliza mchezo: mshindi hupata 2, aliyefungwa hupata 1. Bao lisipopatikana hupigwa mikwaju, kila mpigaji akimkabili kipa peke yake, na pointi hugawanywa vivyo hivyo, 2 kwa 1. Kwa hiyo anayeandika "tumefungwa" na kuishia hapo amemficha msomaji pointi moja. Andika kwa ukamilifu: *tumefungwa katika muda wa nyongeza*, au *tumeshindwa kwa mikwaju*. Sentensi itarefuka, lakini hesabu itasimama.

Kuna zaidi. Mchezo ulioamuliwa kwa mikwaju huhesabiwa na ligi kuwa umepata mshindi, lakini katika kumbukumbu za kitaifa huandikwa kuwa sare. Mashabiki wawili wanaweza kubishana usiku kucha, mmoja akisema "tulitoka sare" na mwingine "tulishindwa", na wote wakawa wamesema kweli. Mtafsiri aulize kwanza: hesabu inayozungumzwa ni ya nani?

Hapo pia ndipo maneno *kuangusha pointi* yanapohitaji uangalifu. Shabiki wa soka huombea wapinzani wake wawili watoke sare, kwa sababu sare hutoa pointi 2 badala ya 3, moja huyeyuka. Katika mfumo huu hakuna kinachoyeyuka. Kila mchezo hugawa pointi 3, ama zote kwa mmoja ama 2 kwa 1. Timu moja yaweza kuangusha pointi, lakini wapinzani wawili wanaokutana hawawezi kuziangusha kwa pamoja. Kuwatafsiria mashabiki wa hoki wakiombea "sare" ni kuwatia mdomoni dua isiyo na faida kwao.

Tuje kwenye *kiporo*. Chakula cha jana kilichobaki kimewapa wanahabari wa Tanzania jina zuri la mchezo ulioahirishwa, na siku hizi neno limetanuka hadi kuwa mchezo wowote ambao timu inao na wenzake wamekwisha kuucheza. Katika Hockey East kila timu hucheza michezo 24 ya ligi, mingi ikipangwa Ijumaa na Jumamosi, na ratiba yenyewe huziacha baadhi ya timu nyuma bila mchezo wowote kuahirishwa. Hicho si kiporo. Chakula bado hakijapikwa. Nashauri *michezo pungufu* au *michezo iliyosalia*, na *kiporo* libakie kwa mchezo ulioahirishwa kweli, tuseme kwa sababu ya dhoruba ya theluji. Tofauti hii si ndogo majuma ya mwisho. Tuseme timu moja ina pointi 40 baada ya michezo 24, na nyingine 36 baada ya michezo 22. Ya kwanza iko juu katika msimamo, lakini imekwisha kumaliza. Ya pili ikishinda michezo yake miwili ndani ya dakika 60 itafika 42.

Na wanagombea nini? Si kuepuka *kushuka daraja*, maana daraja la kushukia halipo. Anayeshika mkia hushika mkia na mwakani hurudi pale pale. Kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, timu zote 11 huingia katika mtoano. Tano za juu huvuka raundi ya kwanza bila kucheza, na nne za juu huandaa robo fainali nyumbani. Ndiyo maana mazungumzo ya Februari hukwama kwenye nafasi ya nne, ya tano na ya sita, wala mtu hasemi sana juu ya ya tisa. Februari hiyo hiyo huchezwa Beanpot, kombe la vyuo vinne vya eneo la Boston, ambalo halina pointi za ligi hata wanapokutana wanachama wawili wa Hockey East. Mgeni huona ushindi mkubwa, kisha hushangaa kwamba msimamo haukutikisika.

Mwishowe, neno *bingwa* lisiachwe peke yake. Mwaka 2025 Boston College waliongoza msimamo, lakini kombe la mtoano likaenda Maine, waliowafunga UConn katika fainali mjini Boston. Mshindi wa mtoano ndiye anayejihakikishia tiketi ya ubingwa wa taifa wenye timu 16. Kiongozi wa msimamo asiyelitwaa kombe husubiri hesabu za kitaifa. Wa kwanza aitwe *bingwa wa mtoano*, wa pili *bingwa wa msimu wa kawaida*.

Mifano:

*Tuko nafasi ya tano, lakini tuna michezo miwili pungufu.*

*Jana tulifungwa katika muda wa nyongeza, tukaambulia pointi moja.*

*Tukimaliza wa nne, robo fainali itachezwa kwetu.*

*Ligi inahesabu kuwa tulishinda kwa mikwaju. Kitaifa imeandikwa sare.*

Tazama pia: jedwali, kiporo, mtoano, sare.