Waridi la Buluu: Kutoka Andalusia Mpaka Harusi Zetu

Ndugu zetu wa Busia na Tororo, upande huu na ule wa mpaka.

Tuko katikati ya nchi mbili zinazouza mawaridi Ulaya: Kenya huyalima Naivasha, Uganda kandokando ya Ziwa Viktoria. La buluu halimo shambani, ila kwenye mashada ya harusi limo. Limetoka wapi?

Hila hii ni ya zamani. Katika karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Ishbilia (Sevilla ya leo, Hispania) aliandika katika Kitab al-Filaha kuhusu mawaridi ya samawati yaliyopatikana kwa kutia rangi ya buluu ndani ya ganda la mizizi. Yaani rangi ya kutiwa, si ya maumbile. Waridi kwa asili halina delfinidini, kitu kinachoyapa maua mengi ubuluu.

Siku hizi huchukuliwa waridi jeupe lililokatwa, kikonyo kikatumbukizwa katika maji ya rangi, nayo hupanda mpaka kwenye petali. Kikonyo kikipasuliwa, kila kipande kikanywa rangi yake, ua moja hutoka kama upinde wa mvua. Mwaka 2004 kampuni ya Suntory ya Japani ilitangaza waridi lililotiwa jini ya ua jingine, likauzwa 2009. Ukilitazama, ni zambarau tu!

Kuuza ua lililotiwa rangi si kosa, mnunuzi akiambiwa. Akifichwa, hiyo ni ghushi. Na kina mama mnaopanda vijiti vya maua ya harusi uani: kikishika, kitachanua jeupe. Mbegu za "waridi la buluu" za kwenye intaneti msizitolee pesa.

Wallahu aalam.