Profesa Aliyetambaa

Wasee, leo tuachane na siasa. Kuna mzee wa New York nataka mumjue.

Pedro Bach-y-Rita alikuwa mshairi na profesa pale City College. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na miaka 65, alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukapooza, hata kuongea akashindwa. Baada ya wiki chache za mazoezi hospitalini, familia ikashauriwa impeleke kwenye makao ya wagonjwa. Siku hizo madaktari wengi waliamini ubongo wa mtu mzima ukishaharibika, basi.

Kijana wake George, mwanafunzi wa udaktari Mexico, alikataa. Mambo ya fizio hakuyajua, na nadhani hiyo ndiyo ilimwokoa mzee. George alijiuliza tu: mtoto huanzaje kutembea? Si hutambaa! Kwa miezi, profesa mzima akatambaa, bega dhaifu likiegemea ukuta. Wakacheza bano sakafuni. Akaosha sufuria, mkono mbovu ukizunguka robo saa upande huu, robo saa upande ule. Walipotoka nje, majirani wakalalamika eti mzee anaaibishwa.

Baada ya kama mwaka mmoja, Pedro alirudi darasani kufundisha. Alifariki akiwa na miaka 72, juu milimani Colombia, kwa shida ya moyo. Sasa shika hii: ubongo wake ulipochunguzwa, lile pengo la kiharusi lilikuwa bado lipo, kubwa ajabu. Halikupona. Sehemu zilizobaki zilijifunza kazi upya. Kijana wake mwingine, Paul, mwanasayansi, alipoona hayo akageukia utafiti wa vile ubongo hujipanga upya.

Sio kila mtu atapona kama Pedro, na sio kila mgonjwa wa kutambazwa, daktari kwanza. Na usingoje uanguke ndio uanze: presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, na kutembea tu kila siku huishusha.

Lakini hii stori inaniuma. Babu yangu alipopatwa, mimi ndiye nilikuwa nyumbani, nishaacha chuo. Nikamletea chai mpaka mdomoni. Nikamfunga vifungo vya shati. Mkono wake wa kushoto ukalala mwaka mzima, na sote tukaita hiyo heshima.

Fizio wake ameruhusu vyombo. Juzi nikamwekea babu sufuria ya ugali na steelwool. Akanikazia macho, kisha akauliza polepole kama mamangu amenituma.

"Hapana, babu. Ni mimi."

Akaishika.