Injinia Krasin na Hesabu za Mapinduzi

Mwaka 1900 visima vya mafuta vya Baku, kwenye pwani ya Bahari ya Kaspi, vilikuwa bado vinaendeshwa kwa mvuke. Chini ya minara ya mbao iliyolowa mafuta kulikuwa na matanuri ya kuchemshia maji, na moto ukizuka kisima kimoja uliweza kuteketeza eneo zima. Kampuni ya Elektrosila ilileta wazo jingine: mtambo mmoja mkubwa wa umeme ujengwe kwenye rasi ya Bailov, kisha umeme usafirishwe kwa nyaya hadi kwenye mota zilizofungwa visimani. Moto wa kuni na mafuta ubaki mbali, nguvu ifike karibu. Mhandisi Robert Klasson alipewa kazi hiyo, naye akamwita rafiki yake, Leonid Krasin, kijana wa miaka 30 aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo yake Kharkov.

Masomo hayo yalichelewa kwa sababu za kisiasa. Krasin alizaliwa Kurgan, Siberia, mwaka 1870, akapelekwa kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya St. Petersburg. Mwaka 1891 alifukuzwa kwa kujiunga na maandamano ya wanafunzi. Baadaye alihamishiwa Irkutsk kama mfungwa wa kisiasa, na huko akapata riziki kwenye ujenzi wa reli ya kuvuka Siberia. Polisi wa Tsar walidhani wamemtupa porini. Kumbe walikuwa wamempeleka shule.

Baku ndipo alipojifunza kuishi maisha mawili bila moja kulitia doa lingine. Mchana alikuwa bosi wa mtambo, mtu wa mikataba, michoro na mishahara. Lakini kati ya mafundi aliowaajiri wengi walikuwa wanachama wa siri wa chama cha wanamapinduzi, akiwamo Sergei Alliluyev, ambaye binti yake alikuja kuolewa na Stalin. Mjini humo humo, ndani ya nyumba isiyotiliwa shaka na mtu, kulikuwa na mtambo wa kuchapia ulioitwa Nina, uliokuwa ukitoa nakala za gazeti lililopigwa marufuku, Iskra. Krasin ndiye aliyeutafutia fedha. Mwigizaji mashuhuri Vera Komissarzhevskaya alipokuja Baku, alikubali kufanya onyesho maalumu, na matajiri wa mjini wakanunua tiketi bila kujua kwamba pesa zao zinakwenda kununua karatasi na wino wa Wabolsheviki.

Chama kilimjua kwa jina la Nikitich. Mwaka 1903 aliingizwa katika Kamati Kuu, na mwaka 1904 alihamia Orekhovo-Zuevo kujenga mtambo wa umeme kwenye viwanda vya nguo vya tajiri Savva Morozov. Huyo Morozov alikuwa akichangia chama kiasi cha kuwatia hofu ndugu zake. Alipokufa kwa risasi mwaka 1905, bima yake ya maisha ya rubli 100,000 ilimwendea mwigizaji Maria Andreyeva, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaishia mikononi mwa Krasin kwa matumizi ya chama.

Kuna upande wa kazi hiyo ambao wasifu wake mwingi huupitia haraka, na haufai kupitiwa haraka. Kati ya 1905 na 1907 Krasin alisimamia utengenezaji wa mabomu. Tarehe 26 Juni 1907 kundi la mwanamapinduzi Kamo lilivamia msafara wa fedha za benki katika uwanja mkuu wa Tiflis, likarusha mabomu mchana kweupe na kuondoka na zaidi ya rubli 200,000. Watu waliuawa pale uwanjani. Noti nyingi zilikuwa za rubli 500, na polisi walikuwa na namba zake, hivyo kila aliyejaribu kuzibadilisha Ulaya alijikuta mahabusu. Akili ileile iliyokuwa ikipima waya na boila ilitumika kupima baruti, na wapita njia wa Tiflis ndio walioumia.

Mwaka 1908 alikamatwa Finland, akaachiwa kwa kuwa hati za mashtaka hazikufika kwa wakati, akakimbilia Berlin. Akagombana na Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki. Akachoka. Kisha akafanya jambo ambalo wanamapinduzi wachache waliliweza: alitafuta kazi. Kampuni ya Siemens ilimwajiri, akapanda ngazi haraka, na kufikia mwaka 1913 alikuwa mkurugenzi wa shughuli zake nchini Urusi, mwenye nyumba nzuri, mke, na mabinti watatu. Wabolsheviki waliposhika madaraka Oktoba 1917 yeye hakuwa pamoja nao. Aliona wanakurupuka.

Lenin alimtaka hata hivyo, na sababu yake ilikuwa wazi. Serikali mpya ilikuwa na wasemaji wengi, na wachache sana waliowahi kusaini mkataba wa mota mia. Krasin alishiriki mazungumzo ya amani na Wajerumani kule Brest-Litovsk, kisha mwaka 1918 akakabidhiwa tume ya kulihudumia Jeshi Jekundu na wizara ya biashara na viwanda. Mwaka 1919 akaongezewa wizara ya uchukuzi. Mawaziri wa serikali ile waliitwa makamisaa wa umma, na yeye akawa kamisaa ambaye wizara zake zote zilikuwa zimeharibika kabla hajafika. Vichwa vya treni vilikuwa vimeoza kwenye vituo, makaa hayapo, miji ina njaa. Yeye alianza palepale anapoanza fundi yeyote: kipi kinafanya kazi, kipi kinatengenezeka, kipi lazima kinunuliwe.

Na cha kununua kilikuwa kingi. Tatizo ni kwamba dunia ilikuwa imeifungia Urusi milango. Februari 1918 serikali ya Lenin ilikuwa imekataa madeni yote ya Tsar. Ufaransa pekee ilikuwa na wananchi zaidi ya milioni moja waliokuwa wameweka akiba zao kwenye hati za mikopo ya Urusi. Benki za Magharibi hazikutaka kugusa dhahabu iliyotoka Moscow, kwa kuwa mdai yeyote angeweza kwenda mahakamani na kuishikilia. Amani na Estonia, iliyotiwa saini Februari 1920, ilifungua mwanya mdogo. Dhahabu ikapitia Tallinn hadi Stockholm, ikayeyushwa na kupigwa chapa ya Uswidi, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Kwa dhahabu ya namna hiyo Krasin aliagiza vichwa vya treni 1,000 kutoka kiwanda cha Nydqvist & Holm huko Trollhättan. Oda hiyo ilikizidi kiwanda nguvu, na baadaye ilipunguzwa hadi 500.

Tarehe 31 Mei 1920 aliingia nyumba namba 10 ya Downing Street, London, kuonana na Waziri Mkuu David Lloyd George. Wachoraji wa magazeti walikuwa wamewazoesha Waingereza kumwona Mbolsheviki kama jambazi mwenye kisu mdomoni. Aliyeingia alikuwa bwana wa miaka 49 mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri na suti ya mkurugenzi, anayejua Kijerumani na Kifaransa na bei ya kila kitu. Inasimuliwa kwamba Lord Curzon, waziri wa mambo ya nje, alisita kumpa mkono mpaka Lloyd George alipomwonya. Siku ile ilikuwa mara ya kwanza kwa mjumbe wa serikali ya Lenin kupokelewa na kiongozi wa dola kubwa ya Magharibi.

Mazungumzo yalichukua miezi kumi. Ugumu wake unaonekana vizuri zaidi kwenye kesi moja ya plaiwudi. Agosti 1920 Krasin aliiuzia kampuni ya James Sagor shehena ya mbao hizo. Kampuni ya Luther, iliyonyang'anywa kiwanda chake na mapinduzi, ikadai mbao ni zake, na Desemba mahakama ya London ikakubaliana nayo, kwa hoja kwamba Uingereza haiitambui serikali iliyotaifisha. Kama hukumu hiyo ingesimama, hakuna gunia wala gogo kutoka Urusi ambalo lingeweza kushushwa bandarini kwa usalama. Tarehe 16 Machi 1921 Krasin na Sir Robert Horne wakatia saini mkataba wa biashara. Mwezi Mei mahakama ya rufaa, ikizingatia kwamba serikali ya Uingereza sasa inaitambua ile ya Moscow kama mtawala halisi, ikaipindua hukumu. Kesi ya Luther dhidi ya Sagor husomwa na wanafunzi wa sheria ya kimataifa hadi leo.

Usiku uleule wa kutia saini, Jeshi Jekundu lilianza shambulio la mwisho dhidi ya mabaharia walioasi Kronstadt. Mkataba wa London ulinunua mkate na mashine. Haukuwanunulia wale mabaharia huruma yoyote, na Krasin hakuulizwa.

Ndani ya serikali pambano lake kubwa lilikuwa juu ya ukiritimba wa biashara ya nje. Viongozi wenzake Bukharin na Sokolnikov walitaka ulegezwe, watu na mashirika wanunue na kuuza wenyewe nje. Oktoba 1922 Kamati Kuu ikawakubalia. Krasin alipinga kwa hoja ya mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza: nchi maskini ikiwaachia wauzaji wake washindane wao kwa wao mbele ya makampuni makubwa ya kigeni, itauza kwa hasara na kununua kwa bei ya juu. Lenin, akiwa mgonjwa kitandani, alimuunga mkono kwa barua baada ya barua, na Desemba uamuzi ukabatilishwa.

Lenin alipofariki Januari 1924, injinia huyo alipewa kazi ya ajabu kuliko zote. Miaka mitatu kabla, kwenye mazishi ya mkemia Lev Karpov, alikuwa amesema kwamba siku moja sayansi itaweza kumrudisha mtu aliyekufa. Sasa alipendekeza mwili wa Lenin ugandishwe, na mashine za baridi zikaagizwa Ujerumani. Aliandika hata kwamba kaburi lile litaizidi Makka na Jerusalem kwa umuhimu wake kwa binadamu. Kufikia Machi ngozi ilikuwa imeanza kubadilika rangi, nao wanasayansi Vorobyov na Zbarsky wakaitwa kuuhifadhi mwili kwa dawa. Ni vigumu kuisoma habari hii bila kuhuzunika. Mtu aliyeishi kwa vipimo alikuwa anataka kipimo kimoja kikosewe.

Mwaka huohuo alipelekwa Paris kuwa balozi, na kazi kuu ikawa kubishana juu ya yale madeni ya Tsar. Damu yake ilikuwa tayari inaharibika. Rafiki yake wa zamani Aleksandr Bogdanov, daktari aliyeanzisha taasisi ya kuongezea damu huko Moscow mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa waliojaribu kumsaidia. Krasin aliwasili London vuli ya 1926, akafariki tarehe 24 Novemba. Mwili wake ulichomwa Golders Green, na majivu yakawekwa katika ukuta wa Kremlin. Mwaka 1927 jina lake lilipewa meli ya kuvunja barafu iliyojengwa Newcastle, ambayo yeye mwenyewe aliidai irudishwe kutoka kwa Waingereza. Mwaka uliofuata ndiyo iliyowaokoa manusura wa ndege-puto ya Umberto Nobile waliokwama kwenye barafu ya kaskazini.

Mei 1927, miezi sita tu baada ya kifo chake, polisi wa London walivamia ofisi za Arcos, kampuni ya biashara iliyoundwa wakati wa ujumbe wake mwaka 1920, na Uingereza ikavunja uhusiano na Moscow. Ukiritimba wa biashara ya nje aliousimamia ulidumu zaidi: ulianza kulegezwa mwaka 1986, chini ya Mikhail Gorbachev.